Geti Limechomelewa kwa Nje

Tulimwacha Wakili Kiberiti amesimama jikoni mwa nyumba ya siri, karatasi ya mahakama mkononi, jasho linamtoka kama aliyekutwa na mali ya wizi. Geti linagongwa. Ndani kuna wanawake saba waliowakimbia waume zao. Nje kuna sauti ya mwanamume anayemwita mmoja wao, taratibu, kama mtu anayeita kuku wake.

"Mke wangu. Najua uko humo."

Haya, vuteni viti.

Aliyeitwa ni Mshonaji. Siku kumi na nne nyuma alitoka kwa mumewe na nguo aliyovaa tu, uso umevimba hata jicho la kushoto halionekani, akaenda mahakamani hivyo hivyo. Hakimu akampa amri ya muda: mume asimsogelee. Lakini amri ya muda ina umri wake, na umri huo unaisha leo. Saa tatu asubuhi Mshonaji asiposimama mbele ya hakimu, amri inakufa. Na binti yake wa miaka sita, aliyebaki kwa mume, anabaki huko huko.

Saa ilikuwa moja na dakika arobaini.

"Nani kamwelekeza?" Mama Funguo alinong'ona. Huyu ndiye msimamizi wa nyumba, mama mnene wa funguo kumi na moja kiunoni. Akitembea unadhani ngoma ndogo inapita. "Miaka sita nyumba hii haijulikani hata na posta. Nani kamwelekeza?"

Kiberiti akaikunja ile karatasi mara nne, akaisokomeza kwenye soksi.

Mliokuwepo wiki iliyopita mnajua kwa nini. Aliyeingia leo namwambia haraka: fomu ya kuomba amri ya ulinzi ina mstari unaouliza mwombaji anaishi wapi kwa sasa. Mawakili wote wanaojitolea kwa wanawake hawa hufundishwa siku ya kwanza kabisa kwamba hapo uandike "kwa wakili wake", basi, usonge mbele. Maana nakala ya fomu hiyo, kwa sheria, hupelekwa kwa mume.

Lakini Kiberiti ni mtu ambaye karani hajawahi kumrudishia fomu. Nafasi tupu humuwasha kama upele. Siku ile alikuwa na wateja watano na hajala tangu asubuhi. Aliujaza mstari. Mtaa, namba ya nyumba, hata rangi ya geti.

Hata rangi ya geti, jamani! Na msichana ana digrii.

Akaliendea geti. Mfupi, mwembamba, kichwa kinawaka haraka, ndiyo maana ya jina.

"Bwana!" alisema kupitia upenyo. "Una amri ya mahakama. Mita mia moja kutoka kwa mke wako!"

"Wewe ndiye wakili?" alijibu mume wa Mshonaji, yule mchomeleaji anayeitwa Fundi Mageti, na sauti yake haikuwa hata na hasira. "Mbona sauti inatokea chini? Simama basi, shemeji, tuongee."

"Nimesimama."

"Lo. Samahani. Basi usiogope, mimi sijaja kuingia."

"Umekuja kufanya nini?"

"Kazi."

Jenereta likanguruma. Mwanga mweupe ukamulika chini ya geti, cheche zikaruka zikaingia uani. Kiberiti akarudi nyuma mbio na kushika macho.

"Anakata geti! Mama Funguo, anakata geti!"

"Hakati," alisema Mshonaji. Alikuwa amesimama mlango wa jikoni, mikono imekumbatia tumbo. Miaka kumi na moja ya ndoa na mchomeleaji, sauti ya vyuma anaijua kuliko sauti ya mama yake. "Kukata kuna mlio mwingine. Huyo anaunganisha."

Kiberiti akainua uso. Akatazama geti. Akatazama ukuta wa futi kumi wenye vipande vya chupa juu, akatazama nondo za madirisha zilizopangwa kama meno ya kitana. Vyote hivyo waliviweka ili mume asiingie. Hakuna aliyewahi kukaa akamfikiria mume asiyetaka kuingia.

"Hataki kuingia," akasema. "Anataka tusitoke."

Hapo ndipo kelele zilipoanza. Wanawake saba na msimamizi wao wakapiga geti kwa masufuria, wakapiga kwa miko, wakaita majirani kwa kila jina walilolijua. Na majirani walipita! Ilikuwa asubuhi, watu wanakwenda kazini.

"Fundi, kazi!" sauti ya mzee ilisikika.

"Kazi, mzee wangu. Wamenipa geti hili niliimarishe."

"Mbona wanapiga mayowe hivyo?"

"Ndio hao wagonjwa."

"Ah, ndiyo. Leo wamechachamaa. Pole yako, fundi."

Na mzee akaenda zake.

Kiberiti akamgeukia Mama Funguo. "Wagonjwa gani?"

Mama Funguo akashika funguo zake zisilie. "Tulipohamia, majirani waliuliza maswali mno. Nikawaambia, wao na fundi wa geti, kwamba hapa tunatunza wenye matatizo ya akili. Nikawaambia wakisikia makelele wasijali, wasije."

"Ukawaambia wasije."

"Ilikuwa siri nzuri, mwanangu. Imetulinda miaka sita."

Jenereta likazima.

"Mke wangu," alisema Fundi nje ya geti, anapumua kama mtu aliyemaliza kazi safi. "Mlango mdogo nimeupiga mstari, geti kubwa nimelipiga katikati juu mpaka chini. Sasa nawahi mahakamani. Mimi ni mtu wa kuheshimu saa."

Magurudumu ya mkokoteni yakasikika yakiondoka, na yeye anapiga mluzi.

Saa mbili na dakika tano.

Kiberiti akapiga simu polisi. "Tumefungiwa ndani ya nyumba," akasema. "Hapana, si kwa kufuli. Tumechomelewa." Akasikiliza. "Sijanywa kitu, afande." Akasikiliza tena. "Baada ya kukabidhiana zamu? Mnakabidhiana saa ngapi?" Akakata simu. Akampigia karani wa mahakama. Simu ikaita hadi ikachoka.

Nyuma yake palikuwa pameanza jambo lingine.

"Ni wewe!" Mama Funguo alikuwa amemkabili binti mmoja mwembamba anayeitwa Mgeni, kwa sababu ana siku tatu tu pale ndani. "Juzi nilikukuta na simu chooni. Ulikuwa unaongea na nani?"

"Na mama yangu!"

"Mama yako! Siku tatu umefika, siku ya nne tumejulikana. Kusanya nguo zako."

"Mama, niende wapi?" Mgeni alilia. "Geti si limechomelewa?"

Wengine wangecheka, siku nyingine. Leo wanawake walimtazama Mgeni kama watu wanaotazama nyoka kitandani, na yeye akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta. Alikuwa na umri wa kama miaka ishirini. Aliinua mkono kujikinga uso, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amenyanyua mkono kumpiga.

Kiberiti aliuona mkono ule.

Angeweza kunyamaza, wasomaji wangu. Nani angejua? Akainama, akatoa karatasi kwenye soksi, akaikunjua.

"Mwacheni," akasema. "Ni mimi."

Akawaonyesha mstari. Akawaeleza. Hajafika mwisho, Mama Funguo alikuwa ameshakaa chini kwenye ndoo.

Mshonaji akaichukua karatasi. Akasoma polepole, kidole chini ya kila neno: mtaa, namba, rangi ya geti.

"Una mwandiko mzuri," akasema.

Wakili alitamani achapwe kofi. Lingemuuma kidogo kuliko hayo.

"Dada, naomba..."

"Gari lako si liko hapa uani?"

"Liko."

"Lina jeki?"

"Lina. Ya nini?"

Mshonaji alikuwa ameshafika getini, kapiga magoti upande wa bawaba. Akakwangua rangi kwa ukucha, kisha kwa mkasi wake wa kushonea. "Miaka kumi na moja namshikia tochi huyu," akasema. "Geti hili katengeneza yeye. Najua mkono wake."

"Ametengeneza geti letu?" Mama Funguo akaruka kutoka kwenye ndoo. "Mimi nilitafuta fundi wa bei nafuu tu!"

"Ndiyo huyo huyo. Bei nafuu kwa sababu hii." Rangi ilibanduka. Chini yake bawaba ilikuwa imeshikwa na vidoa viwili vya chuma, kila kimoja kama punje ya mahindi. "Katikati, mteja anapotazama, anapiga mstari mzuri. Kwenye bawaba anapiga vidoa, anapaka rangi. Nikimwambia ataua mtu, ananijibu, nani atainama kuangalia?"

Wakaiweka jeki chini ya geti. Kiberiti akazungusha. Geti likalia. Akazungusha tena, wanawake watatu wakasukuma kwa mabega, Mgeni mmojawapo. Bawaba ya chini ikatoa mlio kama jino linalong'oka. Ya juu ikafuata, kisha wakahamia bawaba za upande wa pili. Geti zima likalala barabarani kwa kishindo, na bibi mmoja aliyekuwa anapita na mkoba wake akakimbia akipiga kelele kwamba wagonjwa wametoka.

Saa mbili na dakika arobaini na moja.

"Nendeni!" Mama Funguo alisema. Alikuwa anatazama uwazi ule mkubwa ulioachwa na geti, na wanawake sita nyuma yake bila kitu cha kuwakinga. "Nendeni, nitaburuta kabati nizibe. Lakini rudi na fundi mwingine, wakili. Na usiandike risiti!"

Wakapanda gari, likapita juu ya geti, likaingia barabarani.

Njiani Kiberiti alijaribu kusema samahani kwenye taa za kwanza, na kwenye za pili. Kwenye za tatu Mshonaji akasema, "Tazama mbele, mdogo wangu. Ukinigonga na gari pia itakuwa mengi."

Saa tatu na dakika nane walipanda ngazi za mahakama wakikimbia. Korido ya chumba namba nne ilikuwa imejaa waume, kama kawaida yake. Wanakaa hapo wakisubiri majina yao, wanapeana magazeti, wanaulizana kesi zinaendaje. Kiberiti akapenya, akasukuma mlango.

Na akaganda.

Kesi ilikuwa imeshaitwa. Fundi Mageti alikuwa amesimama, shati jeupe, nywele zimechanwa kwa maji. Na kwenye kizimba cha mwombaji, mahali pa Mshonaji, alisimama mwanamke. Mtandio umemfunika kichwa na uso, yamebaki macho tu, nayo ameyainamisha.

"Kwa hiyo unaondoa maombi yako kwa hiari?" hakimu alikuwa anauliza, mama mtu mzima wa sauti ya chini. "Mmepatana na mumeo, mtoto abaki kwa baba?"

Mtandio ukainama: ndiyo.

"Gauni langu lile," Mshonaji alinong'ona. "Nimelishona mwenyewe."

"Mheshimiwa!" Kiberiti aliwaka kabla hata hajafika mbele. "Huyo si mteja wangu! Mteja wangu ni huyu hapa!"

Chumba kizima kikageuka. Hakimu akashusha miwani.

"Wakili, umechelewa, na sasa unapiga kelele. Kitambulisho cha mwombaji kiko mezani kwangu."

"Alikiacha nyumbani alipokimbia, mheshimiwa. Kilibaki kwa mume."

Hakimu akakiinua, akaitazama picha, akamtazama Mshonaji. Mnazijua picha za vitambulisho. Mwenyewe ukijiangalia unajikana. "Hii inaweza kuwa mtu yeyote," akasema. "Na siku ile uso wa mwombaji ulikuwa umevimba mno. Siwezi kusema nilimwona." Akamgeukia Fundi. "Uko chini ya kiapo. Huyu aliyeingia, unamfahamu?"

Fundi akamtazama mke wake wa miaka kumi na moja kuanzia viatu hadi nywele.

"Simfahamu, mheshimiwa. Huyu si mke wangu."

Kiberiti akashikwa na kitu kama kicheko. Akamnong'oneza Mshonaji sikioni. "Umesikia? Ameapa! Imeandikwa! Kama wewe si mke wake, hana haki ya kukuita, hana haki ya kukufuata, hana haki ya kukugusa. Tukinyamaza tu hapa, umekuwa huru dakika hii."

"Na mwanangu?"

Kiberiti akamtazama hakimu, kisha Fundi.

"Kama mimi si mke wake," alisema Mshonaji, "mama wa mwanangu ni nani?"

Wote wawili wakatazama kizimba. Mtandio ulikuwa unatetemeka.

"Miaka yote kanifungia ndani," Mshonaji alisema. "Leo kanifungulia, na mtoto yuko ndani."

Akamwachia wakili mkono. Akaenda mbele peke yake.

"Mheshimiwa, mimi ni mke wake. Niandike hivyo. Na huyo ni wifi yangu, dada yake wa tumbo moja. Tumelala chumba kimoja alipokuja kunisaidia nilipojifungua." Akageuka. "Wifi. Funua uso."

"Mheshimiwa," Fundi alisema upesi, "mke wangu hajisikii vizuri..."

"Funua, mama," alisema hakimu.

Mikono ikapanda polepole. Mtandio ukashuka.

Chumba kizima kikavuta pumzi. Jicho la kushoto lilikuwa limezibwa. Mdomo umepasuka. Shavu limepanda rangi ya zambarau, bado linang'aa, uvimbe wa saa chache tu. Ulikuwa uso ule ule aliouona hakimu siku kumi na nne zilizopita. Mtu aliketi akaufikiria, akautengeneza upya juu ya mwanamke mwingine.

"Wifi," Mshonaji alisema. "Kakufanya nini?"

Hakimu alikuwa amesimama. "Amri yangu ilisema mwombaji asiguswe! Nani amekupiga, mama? Sema. Hapa hakuna wa kukudhuru."

Wifi akamtazama kaka yake. Kaka yake akakohoa, mara moja tu, kama mtu aliyepaliwa na vumbi.

Kidole kikainuka. Kikampita Fundi. Kikampita karani. Kikasimama kwenye kifua cha Mshonaji.

"Huyu," alisema wifi, machozi yanamwagika kutoka kwenye jicho lile moja. "Alikuja nyumbani saa mbili asubuhi hii kumwiba mtoto. Nilipomzuia akanipiga."

"Uongo!" Kiberiti alipiga meza. "Saa mbili mteja wangu alikuwa..."



"Alikuwa wapi, wakili?" hakimu aliuliza. "Taja mahali, na utaje watu waliomwona. La sivyo namweka ndani, na mtoto anabaki kwa baba."

Wapi? Mtaa gani, namba gani, geti la rangi gani? Walikuwepo mashahidi wa kumwona, tena wengi. Mama Funguo na wanawake sita, walioketi sasa hivi nyuma ya kabati moja.

Kiberiti akageuka. Mlango ulikuwa wazi, na wale waume wa korido walikuwa wameingia kusikiliza, wamejipanga ukutani. Mmoja wao Kiberiti alimtambua kwa picha aliyoiona kwenye faili. Alikuwa mume wa Mgeni.

Alikuwa ametoa kalamu, anasubiri kuandika.